Mahakama Siku ya Mnada

3 Machi, Karatu

Swali ambalo nimeshindana nalo tangu mwaka wa tatu wa chuo ni hili: je, mahakama imfuate mwananchi, au mwananchi aifuate mahakama? Nilipokuwa mwanafunzi nililijibu kwa insha fupi yenye kujiamini, nikapata alama nzuri. Tangu hapo nimefanya kazi katika masjala ya Mahakama Kuu, Arusha, na kila mwaka uhakika wangu umepungua kidogo. Nimeona watu wanaosafiri siku mbili kuja kuambiwa kwamba shauri limeahirishwa. Nimeona pia wanaokuja mbali kwa makusudi, kwa sababu nyumbani kwao hakuna mtu ambaye si shemeji, mkwe au jirani wa mpinzani wao.

Sasa nimepewa nafasi ya kulitazama swali hilo kwa macho. Kuna mpango wa kupanga upya mahali ambapo Mahakama Kuu itakuwa ikikaa mara kwa mara. Kabla ya kuamua, jaji mmoja atasikiliza rufaa hapa Karatu kwa majaribio, masika yote, katika jengo tuliloazimwa. Mimi ni msaidizi wake wa sheria: napanga ratiba, naandaa majalada, na mwishoni naandika taarifa yenye pendekezo, ama vikao vya hapa viwe vya kudumu, ama tufungashe virago.

Nimefikia kwa shangazi Germana, mwalimu mstaafu, ambaye hajaacha kusahihisha watu.

"Kwa hiyo Mahakama Kuu inahamia kwetu," alisema akichambua maharage.

"Haihamii, shangazi. Inajaribu kukaa."

"Kama mchumba."

"Kama mchumba," nilikubali.

"Haya. Mwambieni asikae kitako kwanza, tumtazame tabia."

6 Machi

Mafundi wamemaliza kupaka ukumbi rangi nyeupe. Vumbi la barabarani limeupaka upya rangi yake.

11 Machi

Jaji amefika. Ni mtu wa Songea, mrefu, mpole wa sauti, ambaye hajawahi kufanya kazi kanda hii wala hana ndugu upande huu wa nchi. Amefikia katika hoteli ya watalii, na kwa kuwa huu ni msimu wa mvua, yeye ndiye mgeni pekee. Anasema wahudumu wote hukusanyika kumtazama akinywa supu, kana kwamba wameona faru.

Tumeanza na rufaa ya maji ya mfereji kutoka Mang'ola, kati ya wakulima wawili wa vitunguu. Ukumbi ulijaa. Hata hivyo, tatizo la kwanza halikuwa la kisheria. Jaji ana mazoea, na ni mazoea mazuri, ya kutosalimiana na mtu yeyote kabla ya kuketi, asije akadhaniwa ana upande. Anashuka garini, anatazama mbele, anaingia. Arusha hakuna anayejali. Hapa wazee waliokuwa barazani waliinuka, wakasubiri salamu, wakaona joho linapita. Wawili kati yao, mmoja Mwiraqw na mwingine Mmaasai, walijadiliana kwa Kiswahili karibu yangu.

"Huyu mzee anaumwa?"

"Labda amefiwa."

"Basi angepumzika. Atamhukumuje mtu ambaye hajamjulia hali?"

Wakati wa mapumziko nilimweleza Jaji. Alirudi kitini, akavua miwani, akasema: "Kabla ya kuendelea, Mahakama inawasalimu wote waliohudhuria. Hamjambo?"

Ukumbi uliitikia kwa kishindo, karani akaangusha kalamu.

"Salamu hiyo inatosha siku nzima," Jaji akaongeza, akaamuru iingizwe katika mwenendo wa shauri. Nimeiandika. Sijui mwandishi wa sheria wa miaka ijayo ataielewaje.

13 Machi

Mmoja wa wale wakulima wa Mang'ola ameacha gunia la vitunguu barazani, "kwa watumishi". Jaji ameagiza alichukue. Mpinzani wake aliposikia kuna gunia, bila kusikia kwamba limekataliwa, akaleta mawili. Asubuhi Jaji amesoma amri rasmi kwamba kila upande uondoke na vitunguu vyake. Wameondoka wakisaidiana kupakia, na wakilalamika pamoja kwamba Serikali siku hizi haitaki hata mboga.

Arusha hakuna aliyewahi kutuletea kitu. Sijui kama hilo linathibitisha kwamba kule tuna heshima zaidi au kwamba kule hatuonekani.

18 Machi

Mvua imeanza kwa dhati. Shangazi ameshinda shambani na amerudi na udongo mwekundu hadi magotini, akiwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona akiwa mwalimu.

Nimekamilisha ratiba. Nimehakikisha kwamba hakuna shauri linaloangukia siku ya mnada, ambao hapa ni tarehe saba na ishirini na tano za kila mwezi. Siku hizo kuna vipaza sauti vya mitumba, malori, ng'ombe barabarani, na heshima ya Mahakama ingezama. Nimejisifu kidogo kwa uangalifu huo.

24 Machi

Leo ilitajwa rufaa ya Nailantei, mjane wa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Nimelisoma jalada lake mara nyingi kuliko inavyohitajika, kwa hiyo naweza kulieleza kwa ufupi. Alipoolewa alitengewa ng'ombe, kama ilivyo desturi ya Wamaasai: ng'ombe wa nyumba yake, anaowakamua na kulea watoto kwa maziwa yao, na ambao baadaye huwa wa wanawe wa kiume. Nailantei ana mabinti tu. Mume alipofariki, mdogo wa mume, Simel, alidai kwamba kwa kuwa hakuna mwana, ng'ombe hao ni mirathi na warudi kwake na kwa ukoo. Mahakama mbili za chini zimekubaliana naye. Nailantei hana wakili. Akishindwa hapa, Mahakama ya Rufani iko mbali na uwezo wake, na mabinti zake watakunywa maziwa kwa kuomba.

Aliitwa mara mbili Arusha, hakutokea. Leo ameitwa Karatu, hakutokea.

Wakili wa Simel ni Emilian, kijana wa hapa hapa, mcheshi, mwenye tai fupi. Alisimama mara moja.

"Mheshimiwa, mrufani hayupo kwa mara ya tatu. Naomba rufaa itupiliwe mbali."

"Na mteja wako yuko wapi, wakili?"

"Mteja wangu... naye hayupo, Mheshimiwa. Lakini mimi nipo."

"Hilo Mahakama inaliona," Jaji alisema, na hata karani alicheka. Kisha akawa mkali: ahirisho la mwisho. Tarehe itakayopangwa, mrufani asipofika, rufaa inafutwa.

Nimerudi nyumbani na hasira, si kwa Emilian bali kwa Nailantei. Tumemsogezea mahakama karibu hivi, na bado hakuja. Nilimwambia shangazi kwamba pengine wanaopinga mpango huu wana hoja: asiyekuja karibu hangekuja mbali.

"Pengine," alisema. "Kula."

25 Machi

Siku ya mnada. Nilikwenda ofisini kuchukua majalada, nikiruka madimbwi na kukwepa kondoo. Barazani, mbele ya mlango uliofungwa, walikaa mwanamke wa makamo aliyejifunga mashuka mawili ya bluu na mwanamume mwenye fimbo na buti za mvua. Walikuwa wakila mahindi ya kuchoma, wakigawana muhindi mmoja.

"Mahakama iko wapi?" mwanamke aliuliza.

"Ilikuwa jana, mama."

"Jana?" Alimgeukia mwenzake, wakasemezana kwa Kimaa. Akanirudia. "Jana gari haliko."

"Gari gani?"

Mwanamume alijibu, kwa Kiswahili kizuri zaidi. "Gari la Olais, dada. Linatoka Endulen siku ya mnada. Siku nyingine litambeba nani? Mimi ni Simel. Huyu ndiye shemeji yangu, anayenishitaki."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mmekuja gari moja?"

"Kuna jingine?" Alicheka. "Nilimshikia nafasi mbele. Magoti yanamsumbua."

Nailantei aliniuliza kama rufaa imekufa. Nilimwambia haijafa, lakini imebakiza pumzi moja. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za ndama dhaifu, akaomba nimwambie tarehe. Kisha akasema jambo ambalo Simel alilazimika kunitafsiria:

"Anasema usimpe tarehe. Mpe mnada."

Nimekaa ofisini na ratiba yangu mbele yangu. Niliipanga kwa uangalifu mkubwa ili isikutane na siku pekee ambazo watu wanaweza kufika. Na tarehe mbili za Arusha, nimezitazama: zote zilikuwa siku za kawaida. Mwanamke niliyemwona mzembe jana amekuwa akitoka kila gari linapotoka. Hasira yangu ya jana imebaki na mtu mmoja tu wa kuishukia.

27 Machi

Nimemwomba Jaji abadilishe ratiba.

"Bi Laurencia, unataka nisikilize rufaa huku mtu anatangaza mitumba chini ya dirisha?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na mbuzi?"

"Mifugo wako upande wa pili wa mji, Mheshimiwa. Upepo ukiwa mzuri hatutawasikia."

Alicheka, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Siku ya mnada hawatakuja wadaawa tu. Watakuja wajomba, wakwe, majirani, ukoo mzima. Arusha mama huyu angesimama mbele yangu na karani. Hapa atasimama mbele ya watu atakaoishi nao maisha yake yote. Una hakika unamsaidia?"

Nilisema sina hakika. Alisema hilo ndilo jibu la kwanza la kuaminika alilopewa tangu afike, akakubali. Mnada wa tarehe saba Aprili unaangukia sikukuu ya Karume, kwa hiyo ni tarehe ishirini na tano.

3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Supu ya Jaji sasa ina watazamaji wawili tu; wengine wamezoea.

9 Aprili

Mzee Lekoko kutoka Arash, huko Loliondo, amekuja kuulizia jalada la mwanawe. Nilimweleza kwa furaha kwamba sasa tunasikiliza rufaa Karatu.

"Kuja hapa nimelala njiani," alisema. "Kwenda Arusha hulala njiani. Mimi mmenisogezea nini?"

Nilisema bado tunajaribu.

"Mnajaribu vizuri. Jaribuni na kwetu."

Nilimletea chai. Alishukuru, akanywa yote, wala hakubadili maoni.

17 Aprili

Nimekutana na Emilian mgahawani, akila chapati na maharage kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Dada Laurencia, pole. Rufaa yako ya mnada imekwisha. Wamepatana."

"Nani amesema?"

"Simel kanipigia. Wazee wamekaa. Ng'ombe wanarudi kwake, mama atapewa maziwa akihitaji. Tarehe ishirini na tano tunaandikisha mapatano, tunakunywa chai, kila mtu kwake."

"Na Nailantei mwenyewe amesema amekubali?"

"Atakuwa amekubali mpaka wafike. Njia ni ndefu." Alicheka, lakini aliponiona sicheki akaweka chapati chini. "Usinitazame hivyo. Mapatano ni kitu kizuri. Tulifundishwa darasa moja."

Ni kweli. Sheria inapenda mapatano. Nilimweleza shangazi kwamba sijafurahi na sijui kwa nini.

"Watu wamepatana, wewe unahuzunika," alisema. "Ulitaka wagombane ili ratiba yako ipendeze?"

Inawezekana anasema kweli. Ninampenda mtu huyu ambaye nimezungumza naye mara moja, na huenda nimependa shauri lake kuliko nilivyompenda yeye.

25 Aprili

Nitaandika yote, hata nikichoka.

Kulipopambazuka mvua ilinyesha, kisha ikakatika. Watu wote waliotoka juu walisema ukungu umekaa kwenye kingo za kreta, magari yanatembea kama vipofu. Saa nne shauri liliitwa. Nailantei hayupo. Jaji alilisogeza hadi saa tano. Hayupo. Akalisogeza tena hadi saa sita. Emilian, ambaye mwezi uliopita aliomba rufaa itupwe kwa sababu hii hii, leo alikuwa akitoka nje kila dakika kutazama barabara, maana bila mrufani hana wa kupatana naye. Nje kipaza sauti kilikuwa kikiimba, "Masweta! Masweta ya baridi! Mvaaji hajuti!" Jaji aliandika jambo fulani. Baadaye niliona alikuwa amechora sweta.

Kabla ya saa sita gari la Olais liliingia, limepakwa tope hadi kwenye taa. Lilitoa watu kwa muda mrefu. Akatoka Simel, wakatoka wazee watano au sita, wanawake wenye vibuyu, kisha Nailantei, ambaye alinyoosha miguu, akarekebisha shanga zake, akaingia bila haraka. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Jaji alisalimu, ukumbi ukaitikia. Sasa ni mazoea, na wazee wanaisubiri salamu hiyo kama wimbo wa taifa.

Emilian alisimama. "Mheshimiwa, nina furaha kuijulisha Mahakama kwamba wadaawa wamepatana. Mrufani amekubali, mbele ya wazee hawa, kuiondoa rufaa. Tunaomba iandikwe."

Jaji alimgeukia mkalimani, Bi Ngoitiko. "Muulize mrufani kama ni kweli alikubali."

Nailantei alisimama. Alijibu kwa neno moja.

"Ni kweli, Mheshimiwa," Ngoitiko alitafsiri.

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Emilian alinitazama kwa upole wa mshindi. Nilianza kutafuta karatasi ya kuandikia mapatano. Lakini Jaji hakuinua kalamu.

"Alikubali wapi?"

"Kwenye gari."

"Lini?"

"Leo. Kwenye ukungu."

"Na sasa bado anakubali?"

Nailantei alisema maneno machache. Ngoitiko alimwuliza tena, akajibiwa vile vile.

"Anasema sasa amefika, Mheshimiwa."

"Mahakama haijaelewa. Aeleze."

Alieleza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Kwamba tangu wapande gari wazee walimwomba akubali. Kwamba alinyamaza, nao wakamwambia Olais asimamishe gari ili wazungumze vizuri. Wakazungumza. Gari likaenda, akanyamaza tena, likasimamishwa tena. Aliona kwamba akiendelea kunyamaza watazungumza mpaka jioni, na Mahakama itafuta rufaa yake. "Nikasema ndiyo," Ngoitiko alitafsiri, na mdomo wake ulikuwa umeanza kumcheza, "ili Olais aondoe gari."

"Ni kweli, Mheshimiwa!" ilitoka sauti mlangoni. Ni Olais, na funguo mkononi. "Walinisimamisha mara mbili! Na mafuta yananiishia!"

Sijawahi kusikia ukumbi wa mahakama ukicheka namna ile. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Jaji aligonga meza, akamwonya Olais kwamba hajaapishwa, kisha akainamia jalada lake, na nina hakika alikuwa anauma ulimi.

"Kwa hiyo mrufani hajapatana?"

"Hapana. Anasema hawa wote anawajua na wanamjua. Anataka huyu mgeni amsikilize."

"Basi mgeni anasikiliza," Jaji alisema.

Alizungumza kwa muda mrefu. Kwa Wamaasai anayesema barazani hakatizwi, na ukumbi ulikuwa na utulivu ambao Arusha tunaulazimisha kwa askari. Emilian alisimama katikati, kama alivyofundishwa, kusema kwamba jambo fulani halimo katika sababu za rufaa. Mzee wa mstari wa mbele akamwashiria kwa fimbo.

"Wakili, kaa. Mtu anasema."

"Mzee," Jaji alisema, "humu ndani anayewaambia watu wakae ni mimi." Akamgeukia Emilian. "Wakili, kaa."

Hoja ya Nailantei ilikuwa hii. Siku ya harusi, alipofikishwa kwenye lango la boma la mume, alisimama na kukataa kuingia, kama afanyavyo bibi harusi yeyote wa kwao, mpaka atajiwe ng'ombe wake. Wakamtajia mmoja, hakusogea. Wakamtajia mwingine, akapiga hatua moja. Ng'ombe wale alipewa yeye, mume akiwa hai, mbele ya watu ambao wengine wako humu ndani. "Hawakubaki baada ya mtu kufa," alisema. "Wanawezaje kuwa mirathi? Na wa kwanza kunitajia alikuwa Simel."

Jaji alifungua mwenendo wa mahakama ya mwanzo, akasoma mahali ambapo Simel mwenyewe alisema hivyo hivyo, miaka mitatu iliyopita, na hakuna aliyelitilia maanani. Akamwuliza kama bado anasema hivyo. Emilian alimvuta mkono mteja wake, lakini Simel alikwisha kusimama.

"Sibishi, Mheshimiwa. Yule mwekundu nilimtaja mimi. Nilikuwa kijana. Alikuwa amesimama pale jua linazama, haingii, na sisi njaa inatuua."

Hata Nailantei alicheka. Kisha Simel akaongeza, bila mzaha: "Lakini mimi nasema tu, hana mwana. Mabinti wataolewa, ng'ombe watakwenda na nani? Mimi si mwizi."

Na hapo niliona kwamba nilikuwa nimemwandika Simel vibaya katika kichwa changu kwa miezi miwili. Alikuwa na hofu ya kweli, ya mtu anayetazama zizi la kaka yake likitawanyika. Hofu hiyo haimpi haki ya ng'ombe. Lakini si uchoyo niliokuwa nimeudhania.

Olais alichungulia tena na kuonyesha saa. Lango la Hifadhi hufungwa saa kumi na mbili, na ukungu haujui amri za Mahakama. Jaji alitaja siku ya hukumu: mnada wa tarehe saba Mei.

26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimelima na shangazi. Nimemwambia yote, akaacha jembe ili acheke vizuri.

7 Mei

Hukumu imesomwa. Ng'ombe waliotolewa kwa mke mume akiwa hai, mbele ya mashahidi, si sehemu ya mali iliyobaki baada ya mume kufa. Hoja ya mtoto wa kiume haiingii kwa sababu hakuna kinachorithiwa. Ng'ombe na uzao wao ni wa Nailantei. Ngoitiko alitafsiri sentensi kwa sentensi. Nailantei alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama uzao unahusu na wale waliozaliwa msimu huu. Jaji alisema unahusu. Hapo ndipo alipofunika uso kwa shuka, na wanawake waliokuja naye wakapiga vigelegele ambavyo mwenye masweta nje alidhani ni vyake, akapunguza bei.

Barazani, Simel alimkaribia. Nilisogea, kwa udadisi ambao sioni haya kuukiri.

"Shemeji," alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "umenishinda. Sasa ng'ombe wako nani atawachunga?"

"Wewe," alijibu.

"Bure?"

"Utakunywa maziwa ukihitaji."

Alimpigia makofi kwa kushindwa. Yalikuwa yale yale masharti ya mapatano ya kwenye gari, yamegeuzwa tu.

Nilimwomba Ngoitiko anisaidie kumwuliza swali ambalo taarifa yangu inalihitaji. Je, ingekuwa bora zaidi kama Mahakama Kuu ingekaa Endulen kabisa, karibu na nyumbani kwake?

Alifikiri. "Mngekaa Endulen, ningekuja kwa miguu," alisema. "Lakini nisingesema."

"Angesema!" Simel aliruka. "Huyu? Dada, usimsikilize. Huyu angesema hata ndani ya zizi. Miaka yote hii namjua."

Olais alipiga honi, wakapanda, wazee wale wale, gari lile lile, na sikupata kujua nini kilizungumzwa njiani.

17 Mei

Mvua inaaga. Maharage ya shangazi yamefunga.

Nimekabidhi taarifa. Nimependekeza vikao vya Karatu viwe vya kudumu na ratiba ifuate mnada. Nimependekeza majaji wapokezane. Kuhusu Arash nimeandika aya nzima, na siridhiki nayo, kwa kuwa inakiri tatizo bila kulisogeza. Jaji aliisoma taarifa mara mbili.

"Unaiamini?"

"Sehemu kubwa, Mheshimiwa."

"Na sehemu iliyobaki?"

Sikuweza kumjibu pale, kwa hiyo najibu hapa. Nailantei alihitaji vitu viwili, na vinavutana. Alihitaji mahakama iwe karibu kiasi cha kufikika kwa gari la Olais, na alihitaji ndani yake akae mtu asiyemjua yeyote. Msimu huu alivipata vyote. Lakini juzi Jaji mwenyewe ameniambia, akicheka nusu, kwamba alipita sokoni akajikuta amemwita mkulima mmoja wa Mang'ola kwa jina na kumwuliza hali ya mfereji. Amekaa hapa masika moja tu. Majaji wakipokezana, kila mmoja atafika akiwa mgeni, lakini sijui atabaki mgeni kwa muda gani, na baraza halipokezani: wazee ni wale wale.

Sijalitatua swali langu, na naona sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mimi ni mtoto wa Mbulu, jirani na hapa, na ninatamani mahakama iwe huku. Mtu anayetamani jibu hafai kuwa shahidi wake. Ya pili ni kwamba jambo ninalotaka kulijua halikutokea. Nailantei anasema Endulen asingesema. Simel anaapa kwamba angesema. Wote wawili wanamjua kuliko mimi, na mimi, nikimkumbuka akinyoosha miguu kando ya lile gari, asubuhi humwamini mmoja, na jioni humwamini mwingine.